Sauti ya Eufrasia

Kila asubuhi, vyombo vikishaondolewa mezani, Honorio Valdueza alimsomea dada yake matangazo ya vifo gazetini. Yeye alikuwa na miaka sabini na sita na macho bado mazima. Benilde alikuwa na themanini na moja, na macho yake yalikuwa yamebaki ya kuonea tu mlango ulipo. Honorio alisoma jina, umri na kijiji, Benilde akatoa ukoo: huyu ni mtoto wa yule mwashi aliyeoa mara mbili, huyu ndiye aliyemkataa shangazi yetu kwa sababu ya punda. Wala hawakufanya hivyo kwa huzuni. Walikuwa na desturi hiyo tangu Honorio alipoiacha Madrid na kurudi katika nyumba ya wazazi wao, Fuentelarra, miaka tisa iliyopita.

Siku ile walikuwa wamefika kwa marehemu wa tatu simu ilipolia.

Alikuwa Itziar, msichana wa hifadhi ya filamu kule Madrid, aliyekuwa akiitengeneza upya filamu ya kwanza ya Honorio. Ingeonyeshwa Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, katika ukumbi mpya wa kijiji ambao ungepewa jina la Honorio. Itziar alisema wamepata kitu. Saturio Rebollo, fundi sauti wa filamu ile, alikuwa amefariki, na binti yake alipokuwa akisafisha nyumba alikuta kopo kubwa la bati la jamu, mojawapo ya yale ambayo kila nyumba huwekea nyuzi na vifungo. Ndani mlikuwa na ukanda wa sauti. Juu yake Saturio alikuwa ameandika kwa mkono wake: Mama wa mwongozaji. Usifutwe.

"Ni sauti safi mno, mzee," Itziar alisema. "Tunaweza kuirudisha mahali pake. Tunasubiri neno lako tu."

Kisha akauliza, kwa upole, kama kulikuwa na mtu anayejua kwa nini haikutumika. Honorio akajibu kwamba angefikiri, akakata simu, akarudi mezani na kuendelea kusoma.

"Huyo umeshamzika," Benilde akasema. "Nipe wa nne."

Kwa watu wa nje, maisha ya Honorio yalikuwa yamemwendea vizuri. Alitoa kitabu cha kwanza cha mashairi akiwa karani wa posta wa miaka ishirini na mitatu. Kilinunuliwa na watu mia moja na kumi, na mmoja wao alikuwa mtu wa sinema. Baadaye ikaja riwaya, ambayo wanafunzi wa sekondari walilazimishwa kuisoma na wachache wakaipenda. Filamu alitengeneza nne. Mbili zilipata tuzo, moja ilikatwakatwa na wakaguzi wa serikali hadi ikabaki dakika sitini na moja, na ya mwisho ilionwa na wahakiki na fundi wa mashine ya sinema tu. Katika zote, vitabu na filamu, alisimulia Fuentelarra: kuta za mawe, mialoni, wanawake wa nguo nyeusi. Waandishi wa habari walipomhoji alipenda kusema kijiji ndicho kilichompa maneno.

Filamu ya kwanza aliipigia hapo hapo kijijini, majira ya baridi ya mwaka sabini. Mwigizaji wa kumlipa hakuwepo, hivyo mjane anayeuza ng'ombe wake wa mwisho aliigizwa na mama yao, Eufrasia. Hakuigiza kitu. Alisimama mlangoni akaongea na ng'ombe kama alivyoongea naye kila siku, na mafundi wakasahau baridi.

Enzi zile sauti zilitiwa upya studioni. Mtu alifumbua mdomo kijijini na mtu mwingine akamsemea Madrid. Hakuna aliyeona ajabu. Eufrasia alisemewa na bibi mmoja wa michezo ya redio. Filamu ilipoonyeshwa Zamora mjini, padri alikodi basi na kijiji kizima kikaenda. Eufrasia alikaa mstari wa mbele na shali yake ya misa. Akajiona ukutani, mkubwa kama nyumba, akafumbua mdomo, na ikatoka sauti ya bibi ambaye hajawahi kumwita nguruwe aje kula maishani mwake.

Ukumbi ulicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka kila alipoongea, na yeye aliongea mpaka mwisho wa filamu. Tangu siku hiyo watoto walimwita Mama Redio. Alikuwa ameongoza rozari kanisani miaka ishirini. Majira yale aliacha, akasema koo linamuuma. Koo lilimuuma mpaka alipokufa.

Benilde aliuliza mara moja tu, siku ya mazishi ya mama, kwa nini hakuachiwa sauti yake mwenyewe. Honorio akamjibu kwamba filamu ilipigwa bila sauti, kwamba mashine za enzi zile zilinasa picha peke yake, kwa hiyo sauti ya mama haikuwepo. Benilde akamwamini. Yeye alijua ng'ombe na dengu. Filamu alizijua Honorio.

Baada ya chakula cha mchana Honorio alikwenda baa kucheza karata, akafungwa raundi zote. Quintín, mwenzake wa upande mmoja, alimwuliza kama anacheza au anahesabu mizani ya shairi, maana mezani walikuwepo maadui wawili tayari, wa tatu hakuhitajika. Honorio akatupa karata isiyofaa. Alikuwa anapanga atakachomwambia Itziar: kwamba watu wameizoea sauti ile nyingine, kwamba kazi ya zamani iachwe kama ilivyo. Ingetosha. Itziar alikuwa msichana wa adabu.

Aliporudi, alimkuta Benilde amesimama katikati ya jiko bila fimbo, mashavu yamemwiva.

"Yule msichana wa Madrid amepiga tena," alisema. "Nimepokea mimi. Kaniambia kila kitu."

Honorio akaketi na koti lake mwilini.

Benilde alisimulia bila kupumua. Sauti ya mama ipo. Ipo miaka yote hii! Na Saturio, yule Saturio aliyelala chumba cha juu wiki tano, ambaye mama alimfumia soksi, aliificha kwenye kopo la jamu. Honorio maskini akahangaika kutafuta mtu wa kumsemea mama, na mwizi kakaa kimya. Benilde alikuwa ameshamweleza mke wa Quintín, na mke wa Quintín alikuwa anapita kwenye duka la mkate, kwa hiyo kijiji kilikuwa kinajua. Itziar naye alikuwa ameahidiwa kwamba Jumapili, kabla ya filamu, Honorio atasimama mbele ya watu na kusema wazi jinsi alivyofanyiwa.

"Binti yake Saturio anakuja?" Honorio akauliza.

"Kaalikwa, kiti cha mbele. Aje asikie baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Kala dengu zetu, kisha katuibia mama."

Honorio alivitazama viganja vyake. Saturio asingesimama kujitetea. Binti angeona haya, angeinamisha kichwa, angerudi kwao na lile kopo lake. Benilde angefurahi hadi siku ya kufa kwake. Na yeye alikuwa hodari wa maneno. Angeweza hata kutunga hotuba ambayo ndani yake hakuna mwenye kosa.

"Dada," akaanza, "mambo ya studio enzi zile yalikuwa na taratibu zake. Mazingira..."

"Usinisomee kitabu, mshairi. Mazingira ndiyo nani?"

Honorio akafungua vifungo vya koti.

"Saturio alikuwa na sauti ya mama, hakuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Alikuambia?"

Nje mtu alipita akiendesha trekta, na Honorio akasubiri mpaka limepita, ingawa halikuwa linamzuia.

"Honorio. Alikuambia?"

"Aliniletea studioni," akasema. "Tuliusikiliza ukanda wote, mara mbili. Akaniomba nisimtafute mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia afute."

Benilde alipapasa ukingo wa meza mpaka akaupata.

"Kwa sababu gani?"

Jibu la kupamba lilimjia, kama yalivyomjia siku zote, na safari hii aliliacha lipite.

"Kwa sababu alikuwa anaongea kama sisi," Honorio akasema. "Na mle ndani walikuwepo watu wa Madrid, na walikuwa wananisikiliza mimi. Niliona aibu, dada. Niliionea aibu sauti ya mama."