Maua Nyuma ya Jogoo

Kidonda kilianza kama mchezo. Kisu cha kuchongea mihuri kiliteleza, kikamkata kaka kidole cha mkono wa kulia. Akakifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Sasa mkono ulikuwa umevimba na kuwa mweusi mpaka karibu na kiwiko, na daktari hakumung'unya maneno: ukatwe leo, la sivyo sumu itammaliza.

"Sikatwi," kaka alisema, akageukia ukutani. "Bila mkono huu mimi ni gunia tu."

Dada yake alimbembeleza, akaomba mpaka maneno yakamwishia. Ee Mungu, mlainishe moyo. Kisha akafungua juu ya kimeza cha wodini kasha alilokuja nalo kutoka nyumbani, la mihuri ya mpira ya kugongea picha. Miaka yote kaka alitengeneza kadi za salamu, yeye akaziuza. Hakuwahi kugonga hata muhuri mmoja.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Kadi. Jogoo wako na maua yake."

"Wewe? Wewe hata maji unayaunguza."

Akagonga jogoo kwenye kadi. Akagonga mwingine kwenye karatasi nyembamba, akamkata kwa mkasi kufuata ukingo, amfanye kifuniko cha yule wa kwanza. Maua yakigongwa kando ya kifuniko na kukipanda kidogo, kisha kikiondolewa, yataonekana yamekaa nyuma ya jogoo. Hilo alikuwa ameliona kwa kaka. Gundi hakuwa nayo, akakibandika kwa plasta aliyoiomba kwa nesi. Alipokibandua, kilitoka na shingo nzima ya jogoo.

Akajaribu tena. Safari hii ukang'oka mkia.

"Mungu wangu, hata hili?" Machozi yakadondokea wino.

"Unamchinja jogoo wangu vipande vipande," ilisema sauti kitandani. Kaka alikuwa amegeuka. "Plasta ibandike kwanza kwenye gauni lako, uibandue, mara mbili tatu. Ikipungua ukali ndipo uitumie."

Kadi ilikuwa imebaki moja. Alifanya kama alivyoambiwa, lakini sasa plasta haikushika vizuri.

"Kinateleza! Kishikilie!"

"Nishikilie kwa mkono gani, kaka? Karatasi huku, muhuri huku, nina miwili tu!"



Polepole mkono wa kushoto wa kaka ukatoka chini ya blanketi. Kidole kikatua juu ya kifuniko, kikatulia. Dada akagonga maua, moja baada ya jingine, mpaka karibu na ukucha wake. Walipokiondoa kifuniko, jogoo alisimama mzima.

"Hilo ua la pembeni limelewa," kaka alisema.

"Nitajifunza."

"Mimi nishikilie, wewe ugonge?"

"Siku zote Mungu atakazotupa."

Kaka aliutazama mkono mweusi kwa muda mrefu. "Mwite daktari. Upesi, kabla sijageuka."

Maneno hayo ndiyo aliyoyaombea tangu asubuhi. Sasa yalikuwa yamekuja, lakini hakuinuka. Mkono ule ndio uliomshika alipokuwa akijifunza kutembea. Akainama, akaliweka shavu lake juu ya bendeji. Ilikuwa ya moto.

"Nenda," kaka alisema.

Akaenda peku, viatu akaviacha chini ya kitanda, akilia na kumwita daktari kwa sauti iliyowainua wagonjwa wa wodi nzima vitandani.