Mwinuko wa Maganga

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, Asukile alijaza upepo matairi yote mawili ya baiskeli ya mradi, akafunga kwenye keria faili la fomu na chupa ya chai, akashika njia ya kuelekea kwenye matete. Kazi yake ilikuwa kukagua vigingi arobaini vilivyopigwa na wapima ardhi, kuanzia barabara kuu hadi bwawani. Kila kigingi kilikuwa na mstari wake kwenye fomu, na kila mstari ulikuwa na maswali mawili: hali ya ardhi, na wakazi. Majibu yalikuwa yanajulikana kabla hajaondoka. Tambarare. Hakuna.

Alikuwa mtu wa Tukuyu. Baiskeli alijifunzia kwenye miteremko ambako asiye na breki huishia mgombani. Mwaka 1976, mradi wa mpunga ulipomleta Usangu, ndugu zake walimcheka kwamba miguu itamlegea kwa kukosa vilima. Hawakukosea sana, maana nchi ile imelala kabisa. Ukisimama juu ya debe unaona ng'ombe wa kijiji cha pili.

Lakini kuanzia kigingi cha ishirini na sita, njia ilipanda.

Wiki ya kwanza alidhani ni tairi. Alishuka akalibonyeza, akalikuta gumu. Akapanda tena, akasimama juu ya pedeli, akapumua kwa mdomo, na kufika cha ishirini na nane akawa anaisukuma baiskeli kwa mikono miwili. Madimbwi ya kando ya njia yalikuwa yamelala kimshazari bila kumwagika, na korongo waliosimama ndani yake walikuwa wameinama kidogo ili wasianguke. Asukile aliweka pimamaji juu ya kigingi. Kipovu kilikaa katikati. Akairudisha mfukoni, akaendelea kusukuma.

Kileleni, kwenye kigingi cha thelathini, palikuwa na mabaki ya zizi. Miti ya uzio ilikuwa imeoza, ila palinuka samadi mbichi. Mlangoni alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, amevaa kaniki begani, miguu yake imo ardhini hadi magotini. Alikuwa anatazama upande wa barabara, na kutoka pale juu barabara ilionekana yote, na mabati ya kijiji, na milima ya Mbeya nyuma yake.

"Umeona ng'ombe zangu?" mzee aliuliza.

Asukile hakuwa ameona ng'ombe yeyote. Mifugo ilipigwa marufuku ndani ya eneo la mradi. Lakini kwao habari ya hasara haitolewi na mpita njia aliyesimama huku ameshika usukani wa baiskeli. Inataka mtu wa nyumbani, na inataka kukaa chini.

"Wako njiani, mzee," alisema.

"Haya. Wamechelewa."

Upande wa pili aliteremka bila kukanyaga pedeli hadi kigingi cha thelathini na nne, na lazima isemwe kwamba alifurahi. Kisha alijaza fomu. Tambarare. Hakuna.

Wiki baada ya wiki mwinuko ulizidi. Mwezi wake wa tatu kazini ukaanzia kigingi cha ishirini na mbili, na kule juu kulikuwa na baridi ya kutaka koti. Mzee aliuliza swali lile lile. Asukile alitoa jibu lile lile, na kila alipolitoa aliharakisha zaidi kupanda baiskeli.

Kijijini, alikokuwa akinywa uji kwa Mama Seni, mjane wa Kisukuma, alisimulia habari hiyo siku moja. Mama Seni aliendelea kukoroga.

"Kaniki ameifunga bega gani?"

"La kushoto."

"Huyo wangu," alisema. "Maganga."

Alieleza taratibu, akimwongezea uji. Maganga alikufa mwaka sabini na moja, wakamzika zizini ndani ya ngozi ya dume lake jeusi, kama anavyozikwa mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, ili ng'ombe wampite juu asubuhi wakitoka na jioni wakirudi. Familia ikihama, mke mkubwa husimama mlangoni pa zizi, humwaga maziwa, humwambia marehemu, na ng'ombe hupitishwa mara ya mwisho. Ndipo marehemu naye hufuata. Lakini mwaka wa sabini na nne lori la serikali la kuwahamishia kijijini lilifika saa mbili, na saa sita paa la nyumba lilikuwa linawaka. Seni, mwanawe, aliswaga ng'ombe kwa njia nyingine. Mama Seni alipakiwa pamoja na vyungu.

"Hatukumwambia," alisema. "Tulimwacha kama mtu aliyekwenda chooni, huku nyuma safari ikaondoka. Sasa ananyanyua ardhi aone mbali. Ndivyo alivyo. Ng'ombe zikichelewa alikuwa anapanda kichuguu."

Asukile alikiri alichokuwa akimjibu. Mama Seni aliacha kukoroga.

"Umemdanganya mwezi wa tatu huu?"

"Ni adabu tu, mama."

"Adabu yenu hiyo inachosha watu," alisema, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye unga.

Maji yalikuwa yafunguliwe Ijumaa. Jumatatu ile Asukile aliandika kwenye mstari wa thelathini: mwinuko mkubwa, mkazi mmoja. Bwana Filemoni, mkuu wa mradi, alimwita ofisini.

"Mwinuko ule naujua," alisema. "Juzi Landrova ilipanda kwa gia ya pili. Na mzee nimemwamkia."

"Mjane wake anaomba apitishe ng'ombe mara moja, kabla ya maji."

"Mifugo hairuhusiwi."

"Basi maji yasubiri wiki moja."

"Ramani imeshapita wilayani, imepita mkoani, imegongwa mihuri. Imesema tambarare." Bwana Filemoni hakuwa mtu mbaya, alifuta mstari kwa kalamu nyekundu akitumia rula, ili fomu isichafuke. "Wewe mpelekee pole zangu."

Alhamisi Asukile alimpakia Mama Seni kwenye keria. Mama alikaa upande, mkono mmoja umeshika kibuyu cha maziwa, mwingine umeshika kengele ya shingo ya ng'ombe kiongozi, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe alikatazwa. Kwenye kigingi cha ishirini alishuka. Walipanda kwa miguu saa nzima, baiskeli katikati yao, kengele ikilia kila hatua. Mbele yao, huko juu, mzee alikuwa amesimama.

Alipoona hakuna ng'ombe, alikaa tena.

Mama Seni alipiga magoti, akamwaga maziwa mlangoni pa zizi, akasema yote. Lori. Moto. Kijiji cha barabarani, nyumba zilizopangwa mstari, ng'ombe kumi na wanne waliobaki. Alisema alijaribu kushuka kwenye lori, wakamzuia. Sauti yake haikutetereka mpaka alipofika hapo.

Maganga alisikiliza huku anatazama kengele.

"Walikuuliza?"

"Hapana."

"Seni je?"

"Hapana."

"Na mimi hawakuniuliza." Alifikiri. "Basi wewe nenda, mama Seni. Umeniambia, nimesikia. Mimi nitangoja waje waniulize."

"Kesho wanafungua maji, baba Seni."

"Watanikuta."

Mama Seni aliacha kengele mapajani mwa mumewe. Kurudi waliteremka wote wawili juu ya baiskeli, na Asukile alishika breki mpaka raba zikanuka. Mama Seni hakugeuka nyuma. Alilia kimya kimya hadi barabarani, shavu lake mgongoni kwa Asukile, shati likalowa.

Ijumaa saa tatu mlango wa maji ulifunguliwa, wakubwa wakapiga makofi. Maji yalifuata mfereji, yakafika kigingi cha ishirini, yakapanda. Hayakusita. Yalikwenda juu kwa mwendo ule ule yaliokuwa nao chini, yakafunika mwinuko wote kwa kina cha futi moja, sawasawa na ramani, yakashuka upande wa pili. Mwezi uliofuata mpunga ulipandwa, na wanawake wa kijiji walikwenda kupalilia wakiwa wamejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi ya kileleni. Mama Seni alikuwa miongoni mwao. Alipewa mistari ya chini.

Asukile aliendelea na vigingi vyake, sasa akipita juu ya tuta. Mwinuko haukupungua, ulizidi. Msimu wa mavuno alikuwa akianza kusukuma baiskeli kwenye kigingi cha kumi na tano. Kule juu, katikati ya mpunga, Maganga alikaa kigodani, maji kiunoni, kengele mkononi, akitazama barabara.

"Wamekuja wa kuniuliza?"

Asukile aliegemeza baiskeli tumboni, akafuta jasho. Ofisi ya mradi ilionekana vizuri kutoka pale, na Landrova ya Bwana Filemoni kivulini, haijawashwa.

"Wako njiani, mzee," alisema.

Kisha alifungua faili, akatafuta mstari wa thelathini, akaandika majibu yake mawili ya siku zote.