Chumvi ya Fundi Saa

"Mzee, umetia?"

Swali lilimtoka Mama Mkate kabla hajalifikiria, mikono yote miwili imezama kwenye unga. Akangoja jibu. Halafu akakumbuka, akaegemea meza.

Kwa miaka thelathini na minane jibu lilikuwa lile lile: "Nimetia, wewe kanda tu." Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa vidole vyembamba vilivyozoea skrubu ndogo kama ufuta. Kila ilipofika siku moja kabla ya Krismasi alifunga kibanda chake mapema, akanawa mikono hadi viwikoni, akaja jikoni kutia chumvi kwenye mkate wa meza ya Bwana. Kukanda hakujua, kuoka aliunguza, lakini chumvi, loo, hapo humwambii kitu! Aliipima kwa ncha za vidole huku kafumba jicho moja, na mkewe hakuacha kumcheka. "Wewe, huo ni mkate, si saa ya bwana harusi!"

Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu wamzike. Mama Mkate alijifuta macho kwa bega, akachota chumvi, akatia. Masikini, alisahau kwamba alikwisha kutia mwanzoni kabisa, alipokuwa akichekecha unga na kujiambia kwa sauti kuwa mwaka huu kazi zote ni zake. Akakanda, akasukuma mikate minne bapa, akaoka. Ikatoka na rangi nzuri hata akajisifu mwenyewe.

Na alihitaji itoke vizuri. Mwezi uliopita kamati ya kanisa iliamua kuanza kununua vile vikate vya kiwandani, vyeupe, vikavu, vya kwenye pakiti. Mwenyekiti wa kamati alikuwa wifi yake mwenyewe, dada wa marehemu, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Tunataka upumzike, wifi," alisema, na mchungaji kijana akaitikia kwa kichwa. Kupumzika! Kitanda kilikuwa kimya, meza ya chakula ilikuwa kimya, na sasa wanataka jiko nalo linyamaze. Akawaomba wamwachie Krismasi hii tu. "Mkate ukiharibika," aliwaambia, "nitanyamaza, wala sitasema mnanionea. Nunueni pakiti zenu."

Asubuhi kanisa lilijaa hadi mlangoni. Waliohamia mbali walikuwa wamerudi na watoto wao, wakabanana kwenye mabenchi yale yale waliyokalia wakiwa wadogo. Mchungaji akaumega mkate, wazee wa kanisa wakapitisha sinia. Aliyeoka hula mwisho, ndivyo walivyozoea, basi Mama Mkate akakaa benchi la nyuma akiwatazama watu wake.

Kinyozi alitia kipande mdomoni, akafumba macho kwa nguvu. Anaomba huyo, Mama Mkate alijisemea. Mwalimu wa kwaya akatoa leso, akapangusa machozi. Mama wa mapacha akainamisha kichwa hadi kwenye magoti, mabega yakimtetemeka. Hata wifi, mtu mgumu yule, alikuwa ameshika benchi la mbele kwa mikono miwili. Moyo wa Mama Mkate ukajaa. Jamani, kumbe bado wanamkumbuka mzee! Ni mtoto mmoja tu aliyefungua mdomo. "Mama, mbona hii..." akazibwa kwa kiganja.

Sinia ikamfikia. Akatafuna.

Chumvi ilimpiga ulimini kama kofi. Alitamani sakafu ipasuke immeze. Watu zaidi ya mia, siku ya Krismasi, na hakuna aliyetema, hakuna aliyegeuka kumtazama! Vikombe vya divai vilipokusanywa vilikuwa vikavu kana kwamba vimefutwa kwa kitambaa. Na wimbo wa mwisho, jamani, uliimbwa mbio mbio.

Alipotoka nje aliukuta usharika mzima umepanga mstari kwenye bomba la uani, ukigombea kikombe kimoja cha plastiki.

"Jua la leo si mchezo," kinyozi alimwambia, ingawa mawingu yalikuwa yametanda.

Mama Mkate hakucheka. Akamwendea mchungaji pale bombani. "Baba mchungaji, nilitoa neno langu. Mkate umeharibika. Nunueni zile pakiti."

"Nani kasema umeharibika?" Mchungaji alikuwa kwenye kikombe cha tatu, shingo ya kanzu imelowa.

"Usinifiche. Nimeuonja."

Watu wakatazama viatu vyao. Wifi ndiye aliyetoka kwenye mstari, akaja akasimama mbele yake, macho mekundu.

"Wifi," akasema, na sauti yake kubwa ikakwaruza. "Ulitia yako, halafu ukatia na ya kaka?"

Mama Mkate akaitikia kwa kichwa.

"Basi ndiyo maana. Nilipotafuna tu nilijua kaka yangu yupo, na leo kaamua kutuua!"

Mwalimu wa kwaya akapasua kicheko, kinyozi akafuata, ua mzima ukalipuka. Na Mama Mkate naye, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akacheka hadi akashika mbavu, akalia humo humo, asijue kipi kinaishia wapi. Wifi akamkumbatia. "Pakiti wale wenyewe huko kiwandani," akamwambia, masikio yote yakasikia.

Akajaza kikombe, akampa. Mama Mkate akanywa nusu, akampa aliyekuwa nyuma yake, mwanamke aliyehamia mtaani juzi tu. Naye akanywa, akampokeza mtoto, mtoto akampa babu mmoja mwenye fimbo, na kikombe kikaendelea hivyo, mkono kwa mkono, maji yakimwagika njiani, mpaka kikapotelea katikati ya watu.