Wawili Wamekuja Sasa Hivi

Ilianza kwa jibu moja tu. Jumapili moja ya Agosti, mwaka wa pili wa Korona, mama yake Shirleen aliuliza kwa simu kutoka Kitale, "Uko na watu huko, ama unakaa pekee yako?" Shirleen, nesi wa hospitali ya Westmead huko ng'ambo, alikuwa kando ya bwawa la mtaani kwake, Quakers Hill, akimalizia saa yake ya mazoezi aliyoruhusiwa na serikali. Mbele yake korongo wawili walitua kwenye maji ya kifundoni.

"Wako, mama. Wawili wamekuja sasa hivi."

Wala hakudanganya. Kiswahili hakibagui: mtu amekuja, ndege amekuja. Kwao baba alikuwa Mnandi na mama Mbukusu, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha mezani, na sasa binti yao akajificha humo. Alijua mama akisikia ukweli presha itapanda, naye mipaka imefungwa, hawezi kwenda kumuuguza.

Basi hadithi ikanona. Mmoja ana maringo, mwingine akila hasemi na mtu. Septemba, baridi ya huko kusini mwa dunia ilipolegea, bata walikuja na watoto sita; akamweleza mama hivyo hivyo, na mama akafurahi. "Wasalimie sana." Shirleen aliwasalimia kwa sauti, kisha akaona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Angalau mama hakuwa mpweke. Tangu Nairobi ifungwe, kaka yake Shirleen, Wekesa, alihamia kwake na wanawe, na kila Jumapili mama alilalamika: wamekula, wamechafua, wananipigia kelele alfajiri.

Halafu mama akajua kupiga simu ya video.

"Nionyeshe hao watu wako."

Shirleen alitafuta kisingizio, akakosa. Akageuza simu. Korongo mmoja alichomoa mguu majini, akafikiri, akaurudisha.

"Ni ndege," mama alisema.

"Ni ndege, mama."

"Na watu?"

"Hakuna."

Alingoja kugombezwa. Badala yake picha ilitikisika, ukapita mlango wa jikoni, ukaonekana ua. Kwenye kiti cha Wekesa alikuwa ameketi kuku mweupe; wengine watatu walidonoa chini yake.

"Wekesa alirudi Nairobi na watoto tangu mwezi wa tano," mama alisema. "Hawa ndio nilikuwa nakuambia wamekula."