Maneno ya Mwanzo Yamekatwa

Sesilia aliapa kwamba akimsikia mtu mwingine akitamka neno "ubora", atamtwanga kwa sufuria. Tena lile la ugali.

Yeye na muziki wa zamani wapi na wapi. Aliingia kwenye grupu la wapenzi wa zilipendwa kwa shida moja tu, na shida yenyewe ilianzia Chanika, kwa mama yake. Walikuwa wamekaa wanachambua mchicha, Bi Adelina akasema, "Sura ya baba yako naiona. Sauti ndiyo imeniponyoka, mwanangu. Naitafuta siipati." Alisema kama mtu aliyepoteza miwani, akaendelea na mchicha wake. Aliyeshindwa kuendelea ni Sesilia.

Baba yake, marehemu Albano, alikuwa mpiga gitaa la solo wa Kitangari Jazz, bendi ya vijana wa Kimakonde waliokuwa wakipiga kwenye baa moja ya Temeke. Hakuimba hata siku moja. Lakini kabla ya kila wimbo yeye ndiye aliyeshika maiki, akasalimia watu, akataja nani kaja na kakaa na nani, ndipo akapiga. Bendi ilikufa na kuacha kaseti moja tu, iliyorekodiwa humo humo baa, na kaseti hiyo ndiyo grupu zima lilikuwa linaisifia.

"Sista, umefika penyewe," akamwandikia admini, mtu wa Segerea anayeitwa Cyprian. "Mie ninayo. Nimeisafisha kwa mkono wangu. Faili kubwa, ubora wa juu, kelele hamna hata chembe."

Sesilia akanunua bando, akaishusha, akaweka simu sikioni. Gitaa likaanza. Zuri kweli, kila uzi unausikia. Salamu hakuna. Akarudisha mwanzo. Gitaa.

Kuandika kukamshinda, akapiga simu. "Kaka, yale maneno ya mwanzo yako wapi?"

"Yale maneno maneno? Niliyakata. Yanajaza faili bure, watu wanalia bando. Halafu ni makelele matupu, chupa, watu wanacheka. Mtu anataka muziki, sista."

"Yale maneno ni ya baba yangu."

"Pole sana," akasema Cyprian, na alikuwa na huruma ya kweli, ndicho kilichoudhi zaidi. "Lakini baba yako alikuwa mpiga gitaa."

"Na ile ambayo hujaikata?"

"Nilifuta. Simu ilijaa."

Basi akaona heri afuate kaseti yenyewe. Ilikuwa kwa Mzee Abdulsamad, mwenye duka la vitambaa Temeke, ambaye ndiye aliyeirekodi enzi za ujana wake. Sesilia akamwamkia shikamoo, akaeleza shida yake tangu mchicha. Mzee akainuka, akaleta kaseti imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, safi, haina vumbi. Mzee akaitumbukiza kwenye redio, akabonyeza.

Kaswida. Watoto wa madrasa, na dufu.

"Yule bwana Cyprian aliniambia wimbo sasa uko mtandaoni, haupotei tena," Mzee akasema taratibu. "Nikaona kaseti inakaa bure. Nikawarekodia wajukuu, Maulidi."

"Wanaimba vizuri," Sesilia akasema, kwa sababu waliimba vizuri, na kwa sababu mzee wa watu ungemlaumu kwa lipi. Hasira alikuwa nayo, wa kumtupia ndiye hakuwa naye.

Alipofika mlangoni mzee akamwita. Kuna Gregori, muuza nyama wa Vingunguti, aliwahi kuja dukani kaseti ingali nzima, akainyooshea redio simu yake, akarekodi. Huenda anayo.

Gregori alikuwa nayo. Alifuta mikono kwenye aproni, akaitafuta ile voisi huku analalamika. "Niliituma kwenye grupu, Cyprian akaifuta. Akaniumbua mbele ya watu, eti nisiwaletee takataka." Akamtumia.

Sesilia akasikiliza pale pale kati ya ndoo za utumbo. Ndani ya voisi feni ya dukani kwa Mzee ilikuwa inanguruma, pikipiki ikapita, na chini kabisa mtu alikuwa anaongea kama aliyefunikwa blanketi. Mabibi na mabwana, kisha maneno yakawa uji. Hakuna neno lililokamatika. Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Akairudisha voisi kwenye grupu, akaomba yeyote anayejua kuikwamua sauti ile amsaidie. Hata hajafunga simu, ujumbe ukafutwa.

"Ubora hafifu," Cyprian akaandika. "Sheria ni sheria, sista."

Akajitoa kwenye grupu. Chanika alikwenda hivyo hivyo amenuna, na alipomkabidhi mama yake simu alianza kwa kujitetea. "Mama, haisikiki. Kwanza imerekodiwa na simu, halafu ikabanwa, feni nayo inapiga kelele, sasa usitegemee..."

"Nyamaza."

Bi Adelina alibana simu sikioni kwa mikono miwili. Feni ilinguruma, pikipiki ikapita. Sesilia alimtazama mama yake usoni akisubiri aseme haisikiki, ili walie wote yaishe. Mama akatabasamu.

"Anasema nisiondoke, nikae pale pale mlangoni, wimbo huu ndio wa mwisho." Akapangusa jicho kwa ncha ya khanga. "Mwongo yule. Alipiga hadi mtoto akalala juu ya viti vya baa."

"Mtoto gani?"

"Wewe," Bi Adelina akasema, akamrudishia simu. Gitaa lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. "Rudisha mwanzo. Gitaa nimelisikia maisha yangu yote."