Siku Tisa kwa "Na" Moja

Mrina asali alipandishwa ndege mbili kwenda kuwasemea watu wa msituni kwenye mkutano wa mataifa, na huko akapewa heshima zake zote: kitambulisho cha shingoni kilichoandikwa MTAZAMAJI, na kiti cha nyuma kabisa, chini ya kiyoyozi. Mtazamaji hutazama. Kusema ni kazi ya serikali, ambazo zinaujua msitu vizuri sana kwa picha.

Siku ya kwanza mpiga picha wa mkutano alimfuata, uso umemshuka. "Mama, tulitegemea mavazi ya asili."

"Hili sweta ni la asili, baba. Limetoka kwa kondoo."

Siku nane alisikiliza watu wazima wakivutana kama waseme "inahimiza" au "inakaribisha". Ya tisa kikafika kifungu kilichowahusu watu wake. Skrini ilisema miradi ya msituni itaanza baada ya wenyeji "kushauriwa au kuridhia". Akamwinamia mwanasheria wa serikali yao, aliyekaa mbele yake akichezea simu.

"Mwanangu, hiyo 'au' itoe. Weka 'na'."

"Mama, hiyo ni lugha ya kidiplomasia. Inaacha nafasi."

"Nafasi ya nani? Daktari akikwambia utapigwa ganzi au utapasuliwa, utapanda kitanda chake?"

Mwanasheria alicheka. Kisha akaacha kucheka, akainua kibao cha nchi kuomba kusema.

Saa mbili na nusu zikateketea juu ya herufi mbili. Mjumbe mmoja, kwa uchungu wa kweli, alihofia "na" ingeuelemea uchumi wa dunia. Mwishowe njaa ndiyo iliyowapatanisha: mgahawa ulikuwa karibu kufungwa, "na" ikapita. Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa hekima yao. Mwanasheria akapigiwa makofi, akayapokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyewaza peke yake. Mrina asali naye alipiga.

Alipofika kwenye korido alimpigia simu dada yake kijijini.

"Haya, siku zote hizo umetupatia nini?"

"Na."

"Na nini?"

"Na tu! Sasa hawaanzi kitu mpaka tukubali."

"Basi fanya haraka uje nayo. Kuna watu wamepiga mahema ng'ambo ya mto tangu juzi, wanapima ardhi. Wanasema tulishashauriwa."