Mapigo ya Moyo wa Hadjara

Hadjara alikuwa na kilo tisini na moja, na kwao Bungulu, mjini Beni, hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni nyingi. Ule ulikuwa mwili wa mtoto aliyelelewa vizuri. Maneno alikuja kuyasikia Butembo, mwaka wake wa kwanza wa kilimo chuoni.

Asistanti Phinées, mhadhiri msaidizi, aliwapima wanafunzi wapya wote: kupanda na kushuka benchi dakika tatu, kupumzika dakika moja, kisha kuhesabiwa mapigo ya moyo. Atakayezidi mia na kumi hataenda na wenzake kwenye mashamba ya mlimani Kipese. Hadjara alifikisha mia na arobaini. Phinées akatupia jicho mizani.

"Weye utabakia ku bureau, utaandika ma rapports ya benzako."

Ilimchoma. Amekuja kusoma udongo, akakae ofisini na karatasi? Kipimo kingerudiwa kwa wote mwezi wa Januari. Kesho yake alimwambia motari, dereva wa pikipiki aliyekuwa akimpeleka chuo kila asubuhi, asije tena, akaanza kupanda kilima kwa miguu kutoka Bulengera alikokaa.

Sasa, baba yake, Lukman, ni msafirishaji. Ana malori mawili na pikipiki sita, na barabara nzima ya Beni hadi Butembo inamjua. Mtoto wa Lukman, kwa miguu! Motari walisimama, wakambembeleza, wakamtania, mwisho simu ikapigwa Beni: mzee amefilisika?

Lukman alitua chuoni siku ileile ya kipimo cha pili, amefura.

"Hadjara, umeniletea haya! Batu banasema biashara yangu imeanguka. Juu ya nini unatembeaka na miguu?"

"Papa, unisamehe. Ikala hapa kidogo, uangalie kwanza."

Mizani ilionyesha themanini na tisa. Phinées akatikisa kichwa, kalamu iko tayari.

"Kilo mbili tu..."

"Asistanti, acha kilo. Hesabu moyo."

Akapanda, akashuka, dakika tatu bila kugusa ukuta. Akaketi. Phinées akamshika kifundo cha mkono, akahesabu, akahesabu upya kwa kutoamini. Tisini na nane. Wasichana wawili wembamba waliomtangulia, wa kupanda pikipiki kila siku, walikuwa wamezidi mia na ishirini.

"Kipese," Phinées akaandika. "Na weye utatangulia mbele ya groupe."

Hadjara alitaka kupiga vigelegele, akajizuia mbele ya baba yake. Lukman aliinuka. Akaiacha pikipiki yake pale chuoni, wakashuka kilima pamoja, kisha wakapanda kingine kuelekea Bulengera. Motari wakawazunguka mara moja.

"Mzee, panda basi! Tutakubeba bure!"

"Mutuache!" Lukman akanguruma, jasho linamtoka. "Huyu ni mutoto yangu mie. Anaenda kupanda milima ya Kipese na miguu yake, mwende museme vile mpaka Beni!"

Kisha akamshika binti yake mkono, maana pumzi zilikuwa zimemwishia mzee, na Hadjara akapunguza mwendo ili wafike pamoja.